Eucabeth na Mpira wa Kupeleka Pumzi Shimoni

Saa moja na nusu asubuhi, mashine ya kuchanganyia inanguruma katika karakana moja ya Rodi Kopany, na kando yake Eucabeth Mong'ina amesimama huku amefumba macho.

Mgeni anaweza kudhani anasinzia kazini, au anasali. Eucabeth ni Msabato na kwa kusali hajambo, lakini wakati huu anasikiliza. Ndani ya pipa la chuma kuna unga mweupe, laini kama unga wa ngano, na juu yake amemimina mafuta mazito. Pipa linazunguka kwa kasi, joto linapanda, na unga unakunywa mafuta.

"Mwanzo inalia nzito, kama mtu amebeba mzigo," anasema bila kufumbua macho. "Unga ikishakunywa yote, inakuwa nyepesi. Hapo unajua imekubali."

Kwa sikio la mwandishi, mngurumo ni ule ule tu. Ghafla Eucabeth ananyoosha mkono, anazima, anachota unga kidogo kwa kijiko na kuukandamiza juu ya kipande cha karatasi ya kaki. Anaupukuta, kisha anainua karatasi dirishani. Haina hata doa la mafuta. Anatabasamu na kuwaashiria wenzake wafungulie unga ushuke kwenye pipa la kupoza.

Karakana hii iko kando ya barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Rongo, nyuma ya soko. Hapa hutengenezwa mipira ya kupitisha maji na upepo: ya wakulima wa Sindo wanaovuta maji ya ziwa hadi kwenye sukuma wiki, ya vijana wanaoosha magari, na ya wachimbaji dhahabu wa Migori. Watu wote huiita mpira ingawa hakuna mpira ndani yake. Ni plastiki ya vinaili iliyolainishwa.

Unga ulioiva asubuhi hii utayeyushwa na kuvutwa kuwa mpira wa kupeleka hewa katika shimo moja la dhahabu huko Nyatike. Chini ya shimo hilo anafanya kazi Nicodemus Obare, kitinda mimba wa familia ya kina Eucabeth. Mwaka jana, mpira uliochanganywa na Eucabeth kwa mikono yake mwenyewe ulipasuka Nicodemus akiwa chini. Alipandishwa juu akiwa hana fahamu.

Jumatatu ijayo Nicodemus atashuka tena kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mpira atakaoutegemea ni huu.

"Ndugu yangu siwezi kumzuia kutafuta riziki," anasema Eucabeth. "Lakini hewa yenye anavuta kule chini inapitia kwa mikono yangu. Nikikosea, nimemkosea yeye."

Alizaliwa Rangwe, katika familia ya Wakisii waliohamia huko kufanya biashara na kulima. Mama yao aliuza mandazi katika soko la Rodi Kopany, na Eucabeth alipomaliza kidato cha nne pasipo karo ya kuendelea, alijiunga naye. Akakanda unga mwaka baada ya mwaka, hadi viganja vyake vikawa na akili zao wenyewe.

Karakana ilipofunguliwa alipata kibarua cha kuviringisha mipira na kuifunga kwa kamba. Hakuwa na haja ya kujua imetengenezwa na nini. Lakini mchanganyaji wa kwanza alipostaafu, meneja wa karakana, Damaris Bogonko, ambaye amesomea kemia, alianza kutafuta mtu wa kurithi kazi hiyo miongoni mwa wafanyakazi wake.

"Niliwapa unga wa aina mbili, mmoja umeiva na mwingine bado," anakumbuka Bogonko. "Wengine walinusa, wengine walibahatisha. Eucabeth alifinya kama anafinya unga wa mandazi, akaniambia, 'Madam, hii bado iko na kiu.' Nikamwambia aje kesho na aproni."

Tangu hapo Bogonko amekuwa mwalimu wake. Amemfundisha yaliyomo ndani ya kila gunia na kila pipa, na sababu zake, na Eucabeth hachoki kuyaeleza kwa mgeni yeyote aliye tayari kusikia. Hata asiye tayari ataelezwa.

Vinaili yenyewe, anasema, ni kitu kigumu. Ndiyo ile ya mabomba ya maji machafu. Ili ikubali kupinda, lazima yapatikane mafuta ya kujipenyeza kati ya chembe zake na kuzilegeza. Wenye elimu yao huyaita kilainishi. Hapa karakanani yanaitwa mafuta tu, na yakikosekana, mpira unaotoka mashineni ni fimbo.

Kisha kuna dawa ya joto, inayozuia plastiki isiungue ndani ya mashine. Kuna nta ya kuufanya uteleze, masizi ya kuukinga na jua, na chokaa ya kuongeza uzito na kupunguza gharama. Chokaa ikizidi, mpira unapasuka ukikunjwa. Dawa ya joto ikipungua, plastiki inaungua na kutoa moshi unaochoma pua na kutoa machozi.

Hilo la mwisho analijua kwa uzoefu. Mwezi wake wa kwanza alisahau kuweka dawa hiyo, na karakana nzima ikakimbilia kwa wauza nyanya sokoni, meneja akiwa mbele. Hadi leo mtu akikohoa kazini, wenzake humtazama Eucabeth.

Mshahara wake haufiki shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Kwa huo anamsomesha bintiye, Valentine, na kumtunza mama yake, ambaye magoti yamemkatalia kusimama kwenye karai la mafuta. Hajawahi kuona kazi yake kuwa duni, na ukimtazama akiwa kazini nawe utaacha kuiona hivyo.

Basi mambo yalikuwa yakienda vizuri hadi kiangazi cha mwaka jana.

Msimamizi wa shimo la Nyatike ni Benard Nchagwa, Mkuria wa upande wa mpakani, mtu mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Ana utaratibu ambao wachimbaji wake wanaufuata kama sala. Mtu akishafika chini, kabla mashine ya upepo haijawashwa, anaweka mdomo kwenye mpira wa hewa na kusema amefika. Aliye juu anaweka sikio kwenye ncha ya juu na kusikia. Ndipo mashine inafungwa kwenye mpira na kuwashwa.

"Hiyo ndiyo simu yetu," anasema Nchagwa. "Na siku hiyo sauti ya Obare ilikuja ya mbali sana. Mimi nikafikiria kijana ako na homa. Nikawasha."

Mpira ulikuwa umepasuka katikati ya njia. Upepo ulikuwa ukitokea hapo kwenye ufa, na kidogo tu ndicho kilichofika chini. Muda ulipopita bila kamba ya kupandishia mawe kuvutwa, Nchagwa alishuka mwenyewe. Alimkuta Nicodemus amelala juu ya gunia la mawe, anahema kama mtoto mwenye pumu.

Walimpandisha kwa kamba na kumkimbiza hospitalini mjini Migori. Eucabeth alifika jioni akiwa bado na masizi kwenye kucha. Ndugu yake alikuwa na kijipira cha hewa puani. Alifumbua macho, akamtazama dada yake, na kuuliza jambo moja.

"Dada, hiyo paipu ni yenu?"

Eucabeth hakujua. Soko lina mipira ya kila namna, mingine ya kutoka mbali. Alimwambia apumzike kwanza. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi karibu na mfereji na kulia hadi muuguzi akamletea chai.

Siku chache baadaye Nchagwa alifika Rodi Kopany. Hakuja kugomba. Alisimama langoni, akamwomba Eucabeth atoke, akampa kipande cha mpira mweusi wenye mstari wa manjano ubavuni. Mstari wa manjano ni alama ya karakana hii. Eucabeth alikipinda kwa vidole viwili, kikakatika kama biskuti.

"Hakunitukana," anasema Eucabeth. "Afadhali angenitukana. Aliniambia tu, 'Mama Valentine, angalia hii, halafu utaniambia.' Akaondoka."

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amekosea kipimo. Hakulala vizuri. Hata akila, alikuwa akipima upya kichwani mwake gunia, pipa na kijiko.

Bogonko hakutaka kukisia. Katika karakana hii, kila mchanganyiko unaotengenezwa huachiwa kipande kimoja, nacho hutundikwa kwa msumari ukutani ofisini. Walikitafuta kipande cha mpira ule wa Nyatike, wakakishusha. Kilikuwa laini kama siku kilipotoka mashineni. Kilijikunja na kujikunjua bila kulalamika.

Kwa hiyo mchanganyiko haukuwa na kosa. Kulikuwa na kitu huko shimoni kilichoula mpira.

Waliwaza jua, lakini shimoni hakuna jua. Wakawaza joto, na hapo Eucabeth akafanya kosa ambalo analisimulia bila kuficha. Alisema kama mafuta yanakauka huko chini, basi wayazidishe. Bogonko alisita, lakini hakuwa na jibu bora, akakubali. Mpira wa pili ulitoka laini mno, ukilala mikononi kama utumbo wa mbuzi.

Nchagwa aliupokea, akaufunga, na safari hii akaanza kuukagua kila asubuhi kwa kuupinda hatua kwa hatua kabla mtu hajashuka. Haukumaliza hata muda wa ule wa kwanza. Ulikauka, ukasinyaa, ukachomoka wenyewe kwenye kiungo chake. Hakukuwa na mtu chini. Nicodemus alikuwa Rangwe kwa mama yake, akijifunza upya kupanda kilima bila kuhema.

"Niliongeza kitu chenye ilikuwa inaibwa," anasema Eucabeth na kucheka kidogo. "Ni kama mwizi ameingia kwa nyumba, na wewe unanunua viti zingine."

Ndipo alipoomba ruhusa ya kwenda Nyatike mwenyewe. Hakuwahi kuliona shimo. Kwa miaka yote hiyo alitengeneza mipira ya kwenda ndani ya ardhi bila kuwahi kuona mahali inapolala.

Nchagwa alimpandishia mpira wote mzima na kuutandaza juani. Eucabeth alivua viatu, akatembea kando yake akiufinya kwa vidole tangu ncha hadi ncha. Haukuwa mgumu wote. Ulikuwa mgumu, kisha laini, kisha mgumu tena, na ni upande mmoja tu. Sehemu ngumu zilipishana kwa nafasi sawasawa, kama vifungo vya shati.

Akauliza kuna nini ndani ya shimo kwa mpangilio huo. Nchagwa akamwambia ni magogo. Kuta za shimo zimezuiwa kwa magogo yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na mpira hushuka ukiwa umeegemea hayo magogo.

Akaomba aonyeshwe. Alipiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akashika gogo la kwanza. Lilikuwa jeusi na linateleza. Alinusa mkono wake, ukanuka gereji.

"Nikamuuliza, 'Mzee, hii miti mmepaka nini?'" anasimulia. "Akanijibu na furaha kabisa, 'Oili chafu.' Akaniambia inafukuza mchwa. Hata akaniambia anatoa Migori kwa mafundi wa magari, na anapaka mara mbili."

Eucabeth anasema alikaa chini palepale kwenye udongo. Maana hakukuwa na jambo geni katika jibu hilo. Baba yake mwenyewe alipaka oili chafu kwenye nguzo za ua wao wa Rangwe kila kiangazi. Hakuna boma katika sehemu hizi linalochimbia nguzo bila kuipaka oili ya gari, la sivyo mchwa wanaila kabla ya mvua ya pili. Kila mtu anajua, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna aliyemwambia. Naye hakuuliza.

Bogonko anaeleza kilichotokea kwa maneno mepesi. Kilainishi kinachotumika kwenye mipira ya kawaida hakijafungwa kwa minyororo ndani ya plastiki. Kimekaa tu humo kwa amani. Kikigusana na oili ya injini, kinavutwa na oili hiyo, kinatoka kidogo kidogo, hasa penye joto. Kinachobaki ni plastiki ile ngumu ya mwanzo, nayo ikitikisika inapasuka.

Nchagwa aliposikia hayo alitazama viganja vyake. Magogo yale alikuwa ameyapaka kwa mikono yake, kwa nia ya kuwalinda vijana wake shimo lisiwaporomokee. Anakiri kwamba alitamani ardhi immeze, na ardhi ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini kuacha kupaka haikuwezekana. Bila oili, mchwa wangekula magogo, na kuta zingeanguka. Kwa hiyo magogo yangebaki na oili yao, na ni mpira uliopaswa kubadilika.

Kuna aina nyingine ya kilainishi, chenye chembe ndefu na nzito zinazojisokota ndani ya plastiki na kukataa kutoka. Bogonko alikijua vitabuni, lakini hakuwahi kukiagiza. Ni ghali mno, na ni kigumu kuchanganya. Aliagiza pipa moja kutoka Nairobi, akamwambia Eucabeth kwamba hilo ni la kuharibu, afanye nalo atakavyo mpaka apate.

Eucabeth alilifungua pipa, akachovya kijiti, na mafuta yakaning'inia kama molasi ya kiwandani. Hayakumiminika. Kwa asubuhi za baridi ilibidi pipa lianikwe juani kando ya barabara, na wapita njia wakawa wanauliza kama karakana imeanza kuuza asali.

Mara ya kwanza alisikiliza mashine alivyozoea, akaizima wakati aliozoea. Mpira ukatoka na vinundu kama uji uliopikwa na mtu mwenye haraka. Unga ulikuwa haujashiba. Mafuta haya yanaingia polepole, na mlio wa mashine unabadilika kwa kuchelewa sana. Ilibidi ajifunze kusikiliza upya.

Kisha ikaja kazi ya kupima. Alikwenda kwa mwenye kinu cha posho sokoni kuomba oili chafu, na yule bwana akamuuliza kama amenunua trekta. Akajaza mitungi ya vioo, akazamisha vipande vya mpira, akaipanga juu ya paa la mabati ambako jua la Homa Bay halina huruma. Wenzake wakaipa jina, achari ya Mama Valentine. Wengine walimshauri aongeze ndimu.

Kila baada ya siku chache alipanda ngazi, akatoa kipande, akakipangusa na kukizungusha kwenye kidole gumba. Vipande vya mpira wa zamani vilivunjika mapema. Vya mafuta mazito peke yake havikuvunjika, lakini vilikuwa vikaidi, haviviringiki asubuhi ya baridi. Akajaribu kuchanganya mafuta ya aina mbili. Akapunguza chokaa. Bogonko akaongeza unga wa mpira halisi wa aina isiyoliwa na mafuta, ule unaotumika kwenye mipira ya petroli, kwa kiasi kidogo.

Ilipita mvua ya masika, na mitungi ikafunikwa kwa karatasi. Kiangazi kikarudi. Siku moja Eucabeth alitoa kipande kilichokaa humo muda mrefu kuliko vyote, akakipinda, kikapinda. Akakipinda upande wa pili. Akateremka ngazi akiwa amekishika mdomoni ili mikono iwe huru, akaenda nacho ofisini kwa meneja huku oili ikimchuruzika kidevuni.

"Nilimwona anaingia hivyo nikajua," anasema Bogonko. "Sikuuliza. Nilitafuta tu kitambaa nimpe ajipanguse."

Wangeweza kusherehekea siku hiyo, lakini ilikuwa Ijumaa, na jua likielekea kuzama Eucabeth hufunga kazi. Alikwenda nyumbani, akaoga, akaimba na mama yake na Valentine nyimbo za kufungulia Sabato. Anasema aliimba vibaya sana kwa furaha.

Mpira mpya umepewa mstari wa kijani ili usichanganywe na ule wa manjano. Huo ndio unaotengenezwa asubuhi hii tulipomkuta amefumba macho.

Jumatatu, Eucabeth anafika Nyatike pamoja na Nchagwa, mwandishi akiwa nyuma yao. Nchagwa naye hajakaa bure. Amepigilia vijiti vya kuushikilia mpira katikati ya shimo, usiegemee magogo, na kuufunga kwa kamba za katani. Mpira huu oili haiuli kwa urahisi, anasema, lakini hapendi kuujaribu bila sababu. Ameanza pia kuwaeleza wasimamizi wa mashimo ya jirani, mmoja mmoja, na anasema kila mmoja wao huanza kwa kucheka na kumaliza kwa kwenda kukagua mpira wake.

Eucabeth ana mpango wake. Anataka pasitoke mpira wowote Rodi Kopany kabla mnunuzi hajaulizwa utalala wapi na utagusana na nini. Ameshaanza. Mkulima mmoja wa Sindo alikuja kununua mpira wa maji, akashangaa kuulizwa hata mahali anapouhifadhi. Ikabainika huwa anauviringisha juu ya mitungi ya petroli ya injini ya mashua. Alirudi nyumbani na mpira wa mstari wa kijani. Mwakani, Bogonko ameahidi kumpeleka Nairobi kwa kozi fupi ya plastiki, naye anasema ataenda na mitungi yake ya achari ili wamwambie ni kitu gani asichokijua.

"Kila shimo huku Migori lipate hii yenye haikauki," anasema. "Si ya ndugu yangu peke yake. Kila mtu kule chini ni ndugu ya mtu."

Nicodemus anafika akiwa amevaa kofia ngumu na gambuti. Amenenepa kidogo kwa mandazi ya mama. Anasalimia watu wote kabla ya dada yake. Kisha anainama, anaokota ncha ya mpira na kuizungusha kwenye kidole gumba, polepole, kama alivyoonyeshwa nyumbani. Anautazama mstari wa kijani.

"Dada," anasema, "hii paipu ni yenu?"

Wachimbaji wanamgeukia Eucabeth. Baadhi yao walikuwepo siku ile Nicodemus alipopandishwa kwa kamba.

"Ni yangu," anasema Eucabeth.

Nicodemus anaitikia kwa kichwa. Anashika kamba, anaweka mguu kwenye gogo la kwanza, na kidogo kidogo kofia yake inapotelea gizani. Shimo lina kina cha futi mia moja na zaidi, na kushuka si kazi ya haraka. Eucabeth anasimama akiwa amekunja mikono kifuani, midomo yake inacheza bila sauti.

Nchagwa anachukua ncha ya juu ya mpira ili asikilize, kama desturi. Anaiinua hadi karibu na sikio, anasita, kisha anampa Eucabeth.

Naye anapiga magoti, anaita jina la ndugu yake ndani ya ncha ile, kisha anaiweka sikioni na kufumba macho. Hakuna anayekohoa. Mwandishi yuko karibu naye kiasi cha kusikia sauti inapotoka, ya karibu na safi, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Dada, nimefika. Washa."

Eucabeth anaufunga mpira kwenye mashine, anavuta kamba ya kuwashia, na upepo unaanza kushuka.